Kuagiza na Kusoma: Wakala wa Akili Mnemba na Uhariri wa Msimbo



Mwaka 2025 waandishi wa programu walipata msaidizi wa aina mpya. Mwezi Februari kampuni ya Anthropic ilitoa Claude Code. Aprili OpenAI wakaja na Codex CLI. Juni Google wakafuata na Gemini CLI. Kabla ya hao, tangu 2023, ilikuwapo Aider, programu huria ya Paul Gauthier. Zote zinakaa ndani ya dirisha la amri, lile jeusi ambalo wanafunzi wa mwaka wa kwanza hulikimbia. Unaandika unachotaka kwa maneno ya kawaida, hata kwa Kiswahili. Msaidizi huyo, anayeitwa wakala, anapekua mafaili, anahariri, anaendesha majaribio, na akikwama anaanza upya. Kisha anakuwekea mabadiliko mbele yako: mstari uliofutwa una alama ya kutoa, ulioongezwa una alama ya kujumlisha. Wewe unakubali au unakataa.

Nimekuja kuzungumzia hapo tu, pa kukubali na kukataa. Kwa maoni yangu ndiko kazi ya mtaalamu ilikohamia, na sisi vyuoni bado tunafundisha kana kwamba haijahama.

Tuchukue mfano. Tuseme upo mfumo wa kutuma fedha ulioanzia Nairobi. Kama ilivyo desturi ya mifumo mingi, kiasi huhifadhiwa kwa senti ili kukwepa makosa ya desimali: shilingi 500 za Kenya zinaandikwa 50000, na kabla ya kumwonyesha mteja mfumo unagawanya kwa 100. Biashara imekua. Mwenye mfumo anamwagiza wakala: "Ongeza sarafu za Uganda, Rwanda na Oman." Wakala anaikuta orodha ya sarafu, anaongeza mistari mitatu yenye UGX, RWF na OMR, anaendesha majaribio, yote yanapita. Mabadiliko ni mistari mitatu ya kujumlisha, safi, imepangwa vizuri. Nani atakataa?

Lakini katika kiwango cha kimataifa cha sarafu, ISO 4217, shilingi ya Uganda na faranga ya Rwanda hazina senti. Riali ya Oman nayo ina baisa 1000. Benki ya Kampala ikileta 50000 ikimaanisha shilingi elfu hamsini, mteja anaonyeshwa 500. Kijana wa Muscat akimtumia mama yake wa Unguja riali 20, benki inaleta baisa 20000, na skrini inaonyesha riali 200. Majaribio hayakushtuka kwa kuwa yote yaliandikwa kwa shilingi ya Kenya, enzi ambazo hakuna aliyeiwazia Oman.

Sisemi kwamba kila wakala ataanguka hapo. Mzuri huenda akaligundua jambo hili leo, na kesho, kwa agizo lile lile, asiligundue. Kinachonishughulisha ni kwamba kosa lenyewe halionekani katika ile mistari mitatu. Limejificha kwenye mstari wa kugawanya kwa 100, ambao haukuguswa na kwa hiyo haukuonyeshwa. Anayeweza kulikamata ni mtu anayejua mfumo mzima na anayejua fedha za watu wetu zinavyohesabiwa.

Mdenmarki Peter Naur aliliona hili mapema. Katika makala yake ya 1985 alidai kwamba programu hasa ni uelewa walio nao watu walioijenga. Wakitawanyika, programu inakufa hata kama maandishi yake yamehifadhiwa yote. Tangu 1985 nimeona vitabu vingi vya uhandisi wa programu vikichakaa. Makala ile inazidi kuwa mpya.

Na tusiziamini sana hisia zetu kuhusu kasi. Mwaka 2025 taasisi ya METR iliwafuatilia waandishi 16 wazoefu wa programu huria katika kazi 246, kwenye miradi waliyoifahamu vizuri. Walitarajia kwamba kwa msaada wa akili mnemba wangeokoa asilimia 24 ya muda. Walitumia asilimia 19 zaidi. Hata baada ya kumaliza bado waliamini kwamba walikuwa wamekwenda haraka. Zana zimebadilika tangu hapo, na anayeanza mradi mpya si sawa na mzoefu, kwa hiyo tusiufanye utafiti huo kuwa sheria. Tofauti kati ya hisia na saa ya ukutani, hata hivyo, ni ya kutafakari.

Kuhusu usalama nitasema machache. Julai 2025 wakala wa kampuni ya Replit alifuta hifadhidata iliyokuwa inatumika, ya mfanyabiashara Jason Lemkin, ilhali alikuwa ameagizwa asibadilishe chochote. Mkuu wa kampuni aliomba radhi hadharani. Agizo la maneno halizuii kitu. Ruhusa ndiyo inayozuia. Wakala afanye kazi kwenye tawi lake ndani ya Git, yaani nakala ya msimbo iliyotengwa, juu ya data za majaribio, na nywila za hifadhidata halisi asizione kabisa. Hili halihitaji falsafa.

Wapo wenzangu wanaotaka wanafunzi wapigwe marufuku kutumia mawakala hawa. Sikubaliani nao. Marufuku hiyo itawabana waaminifu peke yao, na waajiri watawapokea wahitimu wasiojua chombo kinachotumika kazini. Tubadilishe tunachopima. Mpe mwanafunzi kurasa mbili za mfumo, agizo alilopewa wakala, na mabadiliko aliyoleta. Aandike kwa kalamu: ungekubali au ungekataa, kwa nini, na ni jaribio gani lingefichua kosa? Swali kama hilo halijibiwi na aliyekariri, wala na aliyezoea kubonyeza "ndiyo".

Wakuu wa idara mliopo ukumbini, mitihani ya muhula ujao bado haijapelekwa kuchapwa. Naomba kila mmoja wenu aweke walau swali moja la namna hiyo.