Makabati ya Chama: Tuyarekebishe Wenyewe au Tumwite Fundi?

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Mpanda)



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo linaloonekana dogo, lakini linalojitokeza mara nyingi katika ukaguzi: makabati na rafu zilizofungwa ukutani katika ofisi, maghala ya pembejeo na majiko ya kumbi zetu. Chama hununua jiko la gesi, kikaona halienei mahali palipoachwa. Au majalada huzidi rafu. Hapo Kamati hugawanyika. Wengine husema, "Tukate wenyewe, ndiko kujitegemea." Wengine husema, "Aitwe fundi." Pande zote mbili zina haki, ila kila moja kwa kazi yake.

Kwanza, tujue tunachokigusa. Kabati linalosimama sakafuni kwa miguu yake, likikosewa, hurudiwa. Lililofungwa ukutani hubebwa na skurubu, na skurubu hubebwa na ukuta. Tofali bichi humung'unyika likitobolewa. Kabati lililojaa sahani au leja huweza kumwangukia mpishi au karani.

Mbao nazo hazifanani. Mninga wa misitu yetu ya miombo hauchezi sana kwa unyevu, kiini chake hustahimili mchwa, na hukubali kurandwa tena. Mbao za kiwandani za unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, ambazo mafundi huziita MDF, hazina uvumilivu huo. Zikikatwa karibu na sinki na ukingo ukaachwa wazi, hunywa maji zikavimba, na hazirudi tena katika hali yake. Skurubu ikishang'olewa, tundu lile halishiki vema mara ya pili.

Pili, nguvu za wanachama si bure. Tuchukue mfano. Fundi anataka shilingi 150,000 za ufundi. Kamati inaona ni nyingi, inawaita wanachama 6 kwa siku 2. Hizo ni siku za kazi 12. Kibarua cha siku kikiwa shilingi 10,000, jumla ni shilingi 120,000. Ongezeni shilingi 20,000 za kukodi keekee na msumeno. Tumeokoa shilingi 10,000 tu, na ubao mmoja ukikatwa vibaya tumepata hasara. Tena kama ni mwezi wa Machi, wakati tumbaku imeiva shambani na mabani yanangoja, jani lililochelewa kuchumwa hushuka daraja. Hasara hiyo haionekani katika vitabu vya chama, lakini mkulima huiona siku ya soko.

Tatu, nashauri tugawanye kazi. Wanachama wafanye yale yasiyogusa ukuta, umeme, maji wala gesi: kubadili bawaba na vitasa, kusogeza rafu za ndani, kupiga msasa na rangi, kuondoa vyombo na kufagia. Fundi seremala afanye kukata uso wa kabati, kuhamisha kabati la ukutani na kuunganisha pembe. Pakiwa na soketi au waya nyuma ya kabati, aitwe fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Waya uliotobolewa kwa skurubu huweza kuteketeza ofisi pamoja na daftari zote za wanachama.

Nne, kumwita fundi si kumaliza kazi. Katika chama kimoja nilichokagua, fundi alilipwa fedha zote siku ya kwanza kwa makubaliano ya mdomo. Alibomoa makabati, akaondoka. Katibu hakuwa na hata karatasi moja ya kumdai. Basi, kabla ya kazi, pateni bei kwa mafundi watatu. Andikeni vipimo, aina ya mbao, na tarehe ya kumaliza. Tenganisheni bei ya vifaa na ya ufundi. Lipeni kwa awamu, na sehemu ya mwisho izuiwe mpaka Kamati ifungue na kufunga kila mlango. Kila malipo yawe na hati iliyotiwa sahihi.

Msidanganywe pia na mbao za bei ya chini zinazotoka msituni usiku. Mbao halali zina stakabadhi na hati ya kusafirishia kutoka Wakala wa Huduma za Misitu. Zisizo nazo huweza kutaifishwa, na chama kikaingia mashtakani.

Ndugu zangu, fedha za makabati hayo ni ushuru uliokatwa katika kila kilo ya tumbaku ya mwanachama. Matumizi yake yawemo katika makisio yaliyopitishwa na Mkutano Mkuu, hata kama kazi inafanywa na wanachama wenyewe. Na siku zao za kazi ziandikwe. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kujitegemea ni kuijua kazi tunayoiweza, na kumsimamia vema yule tunayempa tusiyoiweza.