Hotuba ya Kamati: Kwa Nini Wengine Hurudi Mlimani

(Ilisomwa Namakwekwe, Mbale, siku ya kuwakumbuka waliofunikwa na udongo huko Bududa)



Tumetumwa na Kamati kusema kwa niaba ya familia zilizotoka Bududa, zile zilizo katika makazi ya Bunambutye na zile zinazopanga vyumba hapa Namakwekwe. Tunasema Kiswahili kwa kuwa si kila aliyekaa hapa anasikia Lumasaba. Wamo jirani zetu Wateso na Wasabiny, na wageni hawa nao tusiwaache nje ya mazungumzo.

Tarehe 1 Machi 2010, jioni, baada ya mvua nyingi, mteremko wa juu ya Nametsi katika Bukalasi uliachia. Udongo ulifunika nyumba, soko na zahanati. Miili iliyopatikana ilikuwa kama mia moja hivi. Wengine zaidi ya mia mbili hawakuonekana, nao mpaka leo wako pale pale chini. Hayo mnayajua, kwani kila mwaka husemwa. Leo tumeombwa tuseme yaliyofuata baada ya mahema kukunjwa, na hasa tujibu swali moja ambalo tumechoka kuulizwa: mmepewa mahali salama, mbona mnarudi mlimani?

Wengine hawaulizi hata kidogo. Huandika tu katika ripoti zao kwamba watu wa Bududa ni wakaidi.

Tukumbushane. Kwanza tulikaa katika mahema Bulucheke. Mwaka huo huo familia kama 600 zilipelekwa Kiryandongo, mahali paitwapo Panyadoli, safari ya siku nzima kutoka kwetu. Ardhi tulipewa, tena kubwa kuliko tuliyoiacha, na tunashukuru. Lakini ilikuwa ardhi ya tambarare yenye joto, ya mahindi na mihogo. Sisi ni watu wa kahawa na matoke. Kahawa yetu ya arabika hutaka baridi ya mlima, na mche wake hukaa kama miaka mitatu kabla ya kuzaa. Mkulima wa mahindi akihamishwa, msimu ujao anapanda tena. Mkulima wa kahawa akihamishwa ameacha nyuma karo ya watoto, fedha za hospitali na mahari ya kijana wake, vyote vikiwa vimesimama mitini, na hakuna lori la msaada linaloweza kubeba mti wa kahawa.

Basi inakuwa hivi. Mama na watoto wanabaki katika nyumba waliyopewa. Baba anapanda mlima wakati wa kuchuma. Analala katika kibanda cha zamani wiki mbili, wiki tatu, mwezi. Mvua haimsubiri amalize kuvuna. Tarehe 11 Oktoba 2018 Mto Suume uliposhuka na mawe na magogo huko huko Bukalasi, watu zaidi ya 40 walikufa, na nchi nzima ikauliza tena lile swali.

Liko na jambo la makaburi. Mtu ambaye ndugu zake hawakuzikwa kwa mikono ya watu, bali walizikwa na mlima wenyewe, hana kaburi jingine la kwenda kufyeka majani. Tena liko jambo la imbalu. Kila mwaka wa shufwa vijana wetu hutahiriwa, na kijana anatakiwa asimame katika ua wa wazee wake. Ua huo uko wapi sasa? Waliokuwa Kiryandongo walitafuta nauli ya kuwarudisha wana wao, na wengine wakiisha kufika hawakupata nauli ya kurudi. Mashirika hayana fungu la bajeti kwa mambo kama haya, wala hatuwalaumu, ila wasishangae.

Mwaka 2019 familia 101 za kwanza zilihamia Bunambutye, wilaya ya Bulambuli, katika nyumba zilizojengwa kwenye ardhi iliyonunuliwa na Serikali, ekari 2,868 kwa jumla. Hapo tuko karibu na kwetu, mlima tunauona kila asubuhi. Nyumba ni imara, mabati hayavuji. Lakini maji ya mabondeni si maji ya chemchemi tuliyozoea, malaria ni nyingi, na mtoto aliyezaliwa huko hajui malewa yanachumwaje. (Akina mama wanacheka, lakini ni kweli.) Zaidi ya hayo, wengi wetu hatuna karatasi mkononi inayosema kwamba nyumba na kiwanja ni chetu na watoto wetu. Kule juu, kwenye hatari, kila mtu anajua mpaka wa shamba la kila mtu. Huku chini, kwenye usalama, hatujui. Mtu mwenye akili atashika kipi?

Tunafika sasa kwa ninyi wa Namakwekwe, ambao hamhesabiwi popote. Mlikuja mjini wenyewe, mkapanga chumba kimoja watu saba, mkabeba mizigo sokoni, mkafua nguo za watu, mkaendesha boda boda za wenyewe. Vyumba vya bei nafuu viko mtoni. Usiku wa tarehe 30 Julai 2022 kuamkia 31, mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika, watu zaidi ya 20 wakafa, mabomba ya maji yakang'olewa. Maji yale yalishuka kutoka milima ile ile. Mama mmoja wa hapa alisema kwamba mlima umemfuata mpaka mjini. Alipokwenda kuandikishwa, ofisi moja ikamwambia orodha ya mafuriko ni ya wakazi wa Mbale, naye ni mtu wa Bududa. Alikwenda penye orodha ya Bududa akaambiwa amekwisha hama.

Wageni wetu, ninyi mnaijua sheria kuliko sisi, lakini hii tumeisoma. Mnamo Oktoba 2009, miezi minne tu kabla ya Nametsi, viongozi wa Afrika walikutana Kampala wakapitisha mkataba wa watu waliohamishwa ndani ya nchi zao. Unawataja kwa jina waliohamishwa na maafa ya asili. Unasema mtu apewe nafasi ya kuchagua kwa hiari, akiwa na habari kamili: kurudi, kukaa alipo, au kuhamia kwingine. Uganda ilikuwa ya kwanza kuuridhia. Kule Kiryandongo wakimbizi jirani zetu walikuwa na kadi ya kuonyesha, na sisi raia hatukuwa na kitu.

Ndiyo maana Kamati haiombi blanketi leo. Inaomba karatasi ya kiwanja kwa kila nyumba, jina la mume na la mke pamoja. Inaomba mashamba ya mlimani yaendelee kuwa yetu, tuyalime mchana na kushuka jioni wakati wa mvua, na njia na usafiri wa kutuwezesha kufanya hivyo. Na inaomba orodha moja, inayomfuata mtu popote alipo, awe Bunambutye, Kiryandongo au Namakwekwe. Novemba 2024 udongo ulishuka tena Bulambuli na kuua wengi. Hao nao wasianze safari hii ya miaka mingi kama sisi tulivyoianza.

Baada ya maombi, wajumbe wawili watakaa chini ya mwembe wakiwa na daftari. Kila familia iandikishe kijiji ilikotoka, mahali inapolala sasa, na mtoto aliyeacha shule. Asiyejua kuandika amwambie mjumbe, ataandikiwa. Daftari litafungwa saa kumi na moja.