Macho ya Mchekeshaji

Asubuhi hii twataka kusema habari za kicheko, na habari za mwili wa yule atuchekeshaye.

Wengi wenu mwamkumbuka Mzee Ojwang wa Vitimbi. Jina lake halisi lilikuwa Benson Wanjau. Alikuwa Mkikuyu, lakini aliigiza mzee wa Kijaluo kwa lafudhi iliyowafanya wengi wadhani kwamba kweli ametoka Nyanza. Pamoja na Mama Kayai, yaani Mary Khavere, alitufurahisha kwa miaka mingi, tangu siku za Sauti ya Kenya hadi za KBC. Huku vijijini televisheni zilikuwa chache. Nyumba iliyokuwa nayo, ikiendeshwa kwa betri ya gari, ilijaa watoto wa jirani mpaka mlangoni, na mwenye nyumba hakuwafukuza, maana yeye naye alikuwa akicheka.

Mnamo mwaka 2012 hivi mzee huyo aliacha kuigiza, na sababu kubwa ilikuwa macho. Habari zilipoenea, Wakenya walichanga fedha ili atibiwe. Alifariki Jumapili, Julai 12, 2015, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, kwa ugonjwa wa nimonia.

Huenda mtu akauliza: mchekeshaji ana haja gani na macho? Si kazi yake ni kujikwaa? Lakini anayejikwaa ili watu wacheke lazima akione kigoda kwanza. Hupima hatua, hujua mwenzake amesimama wapi, ndipo hujifanya hakukiona. Macho yakififia, kuanguka kwa mchezo huwa kuanguka kwa kweli, na watazamaji hawatambui tofauti. Watacheka vile vile. Jambo hili, ndugu zetu, latutia hofu kidogo.

Tena si la Kenya peke yake. Huko Marekani alikuwako Curly Howard, mmoja wa wachekeshaji watatu walioitwa Three Stooges. Huyu alikuwa mnene, mwepesi wa miguu, mwenye sauti nyembamba. Kazi yake ilikuwa kupigwa, kuzunguka na kuanguka. Mwaka 1945 madaktari walimkuta na shinikizo la damu, na damu ilikuwa imevuja ndani ya macho yake. Hata hivyo sinema ziliendelea kupigwa. Ukizitazama zile za mwisho waona wazi kwamba amekonda usoni, sauti imekwaruza, hatua ni nzito, na jibu lililokuwa likimtoka kama risasi lachelewa. Kaka yake Moe, ambaye katika sinema ndiye aliyempiga makofi, ilimbidi amfundishe maneno yake kidogo kidogo, apate kuyasema mbele ya kamera. Mei 6, 1946, alipokuwa ameketi akingoja zamu yake, alipatwa na kiharusi. Wenzake walimaliza mchezo bila yeye. Alifariki Januari 1952, akiwa na umri wa miaka 48.

Sisi twamfikiria sana Moe. Watu walimwona mkali, kumbe nyuma ya kamera alikuwa akimshika ndugu yake asianguke.

Biblia nayo haifichi udhaifu wa wazee. Macho ya Isaka yalififia, na watu wa nyumbani mwake mwenyewe ndio waliotumia upofu huo kumdanganya. Macho ya Eli pia yalififia, naye alikuwa bado kazini. Kwa nini mzee hukaa kimya asiseme, "Sioni"? Kwa mchekeshaji twaweza kuelewa: akisema hivyo, riziki yake yakatika, na hakuna atakayecheka tena kwa moyo mweupe. Lakini na huku kwetu wamo. Mwalimu aliyestaafu hushika gazeti na kulikunja bila kusoma. Mama hupima chumvi kwa kidole na kusema ni desturi yake. Dereva je? Huyo tungeomba aseme leo hii, kabla hajashuka mteremko wa kuingia mjini.

Katika kanisa moja la milimani, mzee mmoja amekuwa akisoma somo la kwanza kwa miaka mingi. Twasema "akisoma", lakini kwa muda mrefu alikuwa akikariri. Jumamosi jioni mjukuu humsomea mara nne au tano mpaka somo liingie kichwani, na Jumapili mzee hufungua Biblia na kuinamisha uso kama kawaida. Siku moja alikwama katikati. Watu walinyamaza, na vijana wa nyuma wakaanza kuchekelea. Mke wake akasema kutoka kwenye benchi, bila kuona haya, "Haoni. Mwambieni neno linalofuata."

Mjukuu akaenda akasimama kando yake, akamnong'oneza. Mpaka leo ndivyo wanavyosoma, wawili, na hakuna anayecheka.