Boksi la Sabufa: Hesabu Itangulie Msumeno



Mteja akileta gari na sabufa ya inchi 12, kazi yetu hugawanyika hivi: seremala anapima buti na kuchonga boksi litakaloenea pale, fundi umeme anakuja baadaye na kuunga nyaya kadiri atakavyozikuta. Ile karatasi ya vipimo iliyokuja na spika imeshatupwa pamoja na katoni. Hoja yangu ni moja: karatasi hiyo inaongoza mbao na umeme pia, na wawili hawa waisome pamoja kabla ubao haujaguswa.

Koni ikisogea mbele inasukuma hewa, na papo hapo upande wake wa nyuma unavuta. Mawimbi hayo mawili ya besi yakikutana yanafutana, ndiyo maana sabufa iliyo nje ya boksi hutikisika sana na kusikika kidogo. Boksi linayatenganisha. Zaidi ya hapo, hewa iliyofungiwa ndani inafanya kazi ya springi nyuma ya koni. Mmarekani Edgar Villchur aliitumia springi hiyo kwa makusudi mwaka 1954, akapata besi ya chini kwenye kasha dogo la kuweka rafuni. Neville Thiele wa Australia mwaka 1961, kisha Richard Small miaka ya 1970, wakaligeuza jambo hilo kuwa hesabu. Herufi zilizo kwenye karatasi ya spika zinatokana na kazi yao.

Tuchukue spika ambayo karatasi yake inasema Fs hezi 30, Qts 0.45 na Vas lita 80. Fs ni mtetemo wa asili wa koni; Qts inaonyesha jinsi koni inavyozuiwa isiendelee kucheza baada ya mdundo kukoma; Vas ni ujazo wa hewa wenye ulaini sawa na ule wa vishikizo vya koni. Kwa boksi lililozibwa, shabaha ya kawaida ya Q, spika ikiwa ndani ya boksi, ni 0.707. Gawanya 0.707 kwa 0.45, zidisha jibu kwa lenyewe, toa 1: utapata takriban 1.47. Gawanya lita 80 kwa namba hiyo, boksi linataka lita 54 na nusu. Ongeza kama lita 3 zinazoliwa na sumaku na kikapu cha spika. Ndani likiwa sentimita 45 kwa 40 kwa 32, linachukua lita 57.6, na kazi imeisha. Kwa ubao wa milimita 18, kila kipimo cha nje kinaongezeka sentimita 3.6. Wengi wetu husahau hapo, tukapima nje na kuibia spika hewa yake.

Boksi la tundu linapiga kwa nguvu zaidi, lakini halisamehe. Boksi la lita 70 likilengwa kwa mtetemo wa hezi 35, kwa bomba la PVC lenye kipenyo cha ndani cha sentimita 10, bomba linatakiwa liwe na urefu wa kama sentimita 20. Ukilikata kwa kukisia, besi inakuwa ya noti moja, wimbo wowote uupigao. Tena chini ya hezi zile 35 koni inapoteza kizuizi chake na inaweza kurukaruka hadi kuchanika; weka kichujio cha kukata sauti za chini kwenye amplifaya. Binafsi, mteja asiyejua anachotaka namchongea lililozibwa.

Kuhusu mbao nitasema kidogo. MDF ni nzito na imetulia, ila kwenye unyevu wa pwani huvimba kingo. Ipake rangi pande zote au tumia plaiwudi ya maji. Gundi kila kiungo, skrubu zisaidie tu, na silikoni ipite kwenye kona zote za ndani.

Sasa nyaya. Sabufa yenye koili mbili za omu 4 hutoa omu 2 zikiungwa sambamba, au 8 zikiungwa mfululizo. 4 haipatikani kwa koili zote mbili. Amplifaya isiyoruhusu chini ya omu 4 itajizima au kuungua ukiipa 2. Kwa hiyo uamuzi huu unafanyika dukani, siku ya kununua, si chini ya kiti cha gari. Mita ikisoma 3.4 kwenye koili ya omu 4 usishtuke, upinzani wa waya mtupu huwa chini kidogo. Kuthibitisha alama za chanya na hasi, gusisha betri ya volti 1.5: koni itoke nje. Sabufa mbili, moja ikitoka na nyingine ikiingia, zinafutana hata ndani ya maboksi mazuri.

Amplifaya ya daraja D yenye wati 500 za kweli, ufanisi wake ukiwa asilimia 80, inakula wati 625. Kwa volti 13.8 hizo ni ampea 45. Waya wa shaba wa milimita za mraba 16 unatosha, fyuzi ya ampea 60 ikiwa ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri, kwa sababu fyuzi hiyo inalinda waya, si amplifaya. Kwaruza uzi mmoja kwa kisu kabla ya kulipa. Ukiona weupe chini ya wekundu, ni alumini iliyopakwa shaba, na alumini hupitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba. Irudishe, au nunua nene zaidi na umwambie mteja ulichomfungia.