Kazi Kwanza, Mashine Baadaye

Fungueni madaftari. Leo tutajifunza namna ya kuichunguza kazi kabla ya kuinunulia mashine.

Siku hizi kompyuta zimeingia maofisini, madukani na katika vyama vya ushirika. Pengine wataalamu huja, huweka kompyuta, hupokea fedha zao, huenda zao. Baada ya mwezi watu hulalamika: foleni ni ile ile, makosa ni yale yale. Kwa nini? Kwa sababu kazi yenyewe haikuchunguzwa.

Sikilizeni mfano wa kweli. Katika mji wa London palikuwa na kampuni iliyoitwa Lyons. Ilioka mikate na keki, tena ilikuwa na mikahawa mingi ya chai. Tangu miaka ya 1930 ilikuwa na ofisi ya kuchunguza namna makarani wanavyofanya kazi. Mwaka 1951 ikaanza kufanya hesabu zake kwa kompyuta iliyojitengenezea yenyewe, jina lake LEO.

Sasa tazameni oda za mikahawa. Kila mkahawa uliagiza vyakula vyake kila siku. Oda ikizidi, keki huharibika; ikipungua, mteja hukosa mkate. Wachunguzi wakaona kwamba oda ya Jumatatu hii hufanana sana na oda ya Jumatatu iliyopita. Basi ya nini kuiandika yote upya? Tangu mwaka 1954 kila mkahawa ulikuwa na oda ya kawaida kwa kila siku ya juma. Karani alimpigia simu msimamizi wa mkahawa, naye akataja mabadiliko tu: labda mikate izidi kumi, keki zipungue tano. Karani akayatoboa mabadiliko hayo katika kadi, na kompyuta ikajumlisha oda zote.

Mmeona? Akili ilitangulia, mashine ikafuata. Baadaye hata kampuni ya magari ya Ford ya Uingereza ilihesabiwa mishahara yake na LEO. Mikahawa ile haipo tena, lakini funzo lake lipo.

Andikeni hatua hizi nne:

1. Fuata karatasi moja tangu inapoanza hadi inapokwisha. Andika kila mtu anayeishika.

2. Kwa kila hatua uliza: Hii ni ya nini? Tukiiondoa, nani ataumia?

3. Muulize mwenye kuifanya kazi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

4. Ondoa kisichofaa, ndipo uchague mashine. Kisha pima: je, foleni na makosa yamepungua?

Ndugu mwanafunzi, mtaalamu akija kazini kwako, usinyamaze. Wewe ndiwe unayeijua kazi yako, na sasa unajua kuandika. Mpe karatasi yenye hatua zako zote. Chama kikinunua mashine isiyofaa, fedha iliyopotea ni yako.

Maswali

1. Wachunguzi wa Lyons waliona nini katika oda za mikahawa?

2. Kwa nini karani aliandika mabadiliko tu?

3. Chagua kazi moja unayoifanya kila siku. Andika hatua zake zote, kisha pigia mstari hatua moja inayoweza kuondolewa. Ilete darasani.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.