Matone Mangapi kwa Dakika? Mazungumzo kwa Wauguzi na Jamaa za Wagonjwa



Mashine za kuendesha dripu hazitoshi katika wodi nyingi, kwa hivyo matone huhesabiwa kwa macho na saa ya mkononi. Njia hiyo inafaa, mradi hesabu iwe sawa.

Hesabu yenyewe ni fupi. Mililita zilizoandikwa huzidishwa kwa idadi ya matone yanayofanya mililita moja, kisha jumla hugawanywa kwa dakika. Mtu mzima aliyeandikiwa lita 1 kwa saa 8: 1,000 mara 20 ni 20,000, gawanya kwa dakika 480, upate karibu matone 42 kwa dakika.

Hiyo 20 imetoka wapi? Imeandikwa kwenye pakiti ya mpira wa dripu. Mpira wa kawaida mara nyingi hutoa matone 20 kwa mililita. Ule wa matone madogo, unaotumiwa sana kwa watoto, hutoa 60. Hapa ndipo kosa huingia. Mtoto ameandikiwa mililita 240 kwa saa 6. Kwa mpira wa 60, hayo ni matone 40 kwa dakika. Mpira huo unakwisha stoo (na stoo huishiwa, kila aliyefanya kazi wodini anajua), unafungwa wa 20, na zamu ya usiku inaendelea na 40 iliyo kwenye chati. Maji ya saa 6 yataisha kwa saa 2. Ilipaswa kuwa matone 13. Chati basi ionyeshe aina ya mpira pamoja na matone, na mpira ukibadilishwa hesabu ianze upya.

Kuna wakati maji lazima yaende mbio. Mtoto wa mwaka 1 na zaidi, kilo 10, asiye na utapiamlo mkali, aliyekaukiwa vibaya kwa kuhara, hupewa mililita 300 kwa nusu saa, kisha 700 kwa saa mbili na nusu. Kwa mpira wa 20 ni matone 200 kwa dakika, halafu 93. Matone 200 hayahesabiki kwa macho. Heri kutazama alama za chupa, mililita 100 kila dakika 10.

Mbio hizo si za kila mtoto. Utafiti wa FEAST wa Kenya, Uganda na Tanzania, uliochapishwa 2011, ulihusu watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu. Wa kuhara hawakuwemo. Waliomiminiwa maji kwa haraka walikufa karibu 10.5 kwa mia katika saa 48, wasiomiminiwa, 7.3.

Na jamaa wa mgonjwa, kile kigurudumu cha dripu kisiguswe. Wapo wanaokifungua ili chupa iishe mapema waende nyumbani. Mgonjwa akianza kuhema, kukohoa au kuvimba kope, au mkono ukifura palipodungwa, muuguzi aitwe papo hapo, hata usiku wa manane.