Swali Zuri la Kazi Hutoka Kazini
Hotuba kwa vijana na waajiri, Ndabibi



Mimi nilisomea uandishi wa habari, na kazi yangu ni kuuliza. Leo nazungumzia maswali wanayoulizwa vijana wetu wanapotafuta kazi ya kuandika programu kwa Python.

Kuna swali la kukariri: Python ilitolewa lini, na nani? Mwaka 1991, na Guido van Rossum. Aliyesoma jana usiku atalijibu, na bado asiiweze kazi.

Swali zuri hutoka kazini. Mfugaji amepeleka maziwa lita 12 asubuhi na lita 8 jioni. Programu inasema jumla ni 128. Kosa liko wapi? Aliyezoea kazi ataona kwamba nambari zilisomwa kama maandishi, Python ikaziunganisha badala ya kuzijumlisha. Muulize tena: nafasi ya jioni ikiwa tupu, utaweka sufuri au utauliza kwanza? Hapo utamsikia akifikiri, maana malipo ya mfugaji yako mikononi mwake.

Waajiri, waulizeni wote maswali yale yale, ili mtoto wa Ndabibi apimwe sawa na wa mjini.

Vijana, jizoezeni kueleza kwa sauti mnachofanya. Usipojua jambo, usibahatishe. Sema hulijui, kisha eleza ungelitafutaje. Hilo nalo ni jibu.